Mkeka Baada ya Mchi

Jirani yangu hapa Kasongo hutwanga mpunga na bintiye, mmoja huku mwingine kule, michi miwili ikipokezana kinuni bila kugongana. Mtazame kwa karibu. Mguu wa kushoto umetangulia kidogo, magoti yamelegea, na mchi ukifika juu kabisa vidole vinauachia nukta moja, ushuke kwa uzito wake wenyewe. Hapo ndipo anaposhusha pumzi, kwa sauti ndogo itokayo tumboni. Walimu wa yoga hutafuta miaka pumzi inayokwenda sawa na mwendo namna hiyo.

Nilipoanza kuwaalika kina mama jioni, niliwapa mikao ya yoga kama nilivyofundishwa. Niliwaambia wachuchumae, visigino chini. Wakachuchumaa, wakaendelea kupiga soga kama wanavyokaa kila siku mbele ya mafiga. Mkao huo Wahindi huuita malasana, na watu waliokulia kwenye viti huuhangaikia miezi. Hawa hawakuuhitaji. Kosa lilikuwa langu: sikuwauliza kazi ya siku ile imewaachaje.

Tangu hapo huanza na swali hilo, na majibu yake yanafanana. Kupalilia, kufagia, kufua mtoni, kutwanga sombe (majani ya muhogo), mtoto mgongoni: siku nzima mwili unaitwa mbele, mabega yanajikunja, kifua kinafungwa. Basi jioni mwili urudishwe nyuma. Mkao wa nyoka, yaani kulala kifudifudi na kuinua kifua, unafaa sana, ila mama anayenyonyesha haupendi, maziwa yanamuuma. Yeye husimama mlangoni, viganja kwenye miimo miwili, akapeleka kifua mbele taratibu huku akivuta pumzi. Kazi ni ileile. Huo ndio ufundi ninaousifu: kujua mkao unatafuta nini, kisha kuupitisha njia nyingine hadi umfikie aliye mbele yako.

B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014, aliufanya ufundi huo kuwa mkubwa kwa vitu vidogo: kamba, mikanda, viti, vipande vya mbao. Sisi tuna kitenge, kigoda na ukuta. Kitenge kikipitishwa chini ya unyayo, ncha mbili mikononi, mguu unanyooka bila mgongo kuvunjika.

Na mji huu, wenye Uislamu wa tangu enzi za misafara, unaelewa jambo hili bila kuhubiriwa. Siifananishi sala na yoga. Sala ni ibada. Lakini fiqhi inasema tangu zamani kwamba asiyeweza kusimama asali ameketi, na asiyeweza kuketi asali amelala ubavu. Mzee anayesujudu kwa kuinamisha kichwa tu, hakuna amwambiaye sala yake pungufu. Kwa hiyo nikimwomba bibi afanye mkao akiwa kigodani, haoni kwamba amepunguziwa heshima.

Kuna pia mzigo. Barabara ya kutoka Kabambare kuja Kasongo ilikuwa ya wapagazi wa pembe za ndovu zama za Tippu Tip, na hadi leo mizigo mingi husafiri kwa nguvu za mwili. Watafiti waliowapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu nchini Kenya walichapisha mwaka 1986 kwamba mzigo usiozidi sehemu ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama ya kutembea. Najivunia habari hiyo. Lakini kilichopimwa ni hewa waliyovuta, shingo haikuulizwa. Mama akitua ndoo na kuvua kata, namlaza chali mkekani, kitenge kilichoviringishwa chini ya shingo, miguu imeegemea ukuta. Dakika tano hivi. Wengi husinzia, nami huwaacha.

Wanaume wanaosukuma baiskeli zilizolemewa mabidoni ya mafuta ya mawese wana shida yao. Hutembea siku nzima upande mmoja wa baiskeli, mwili umeilalia, na ubavu mmoja hufupika. Wao nawapa jambo moja tu la njiani: kila mnapopumzika kivulini, hamieni upande wa pili, mkono mmoja kwenye tandiko, mwingine juu ya kichwa, mvute ubavu uliofungwa kwa pumzi nne. Zaidi ya hapo hawatafanya, wala sioni haja.

Jirani yangu nilimwambia kitu kidogo kuliko hicho. Mkono wake wa kulia ndio ulioshika juu ya mchi tangu utoto, na bega hilo ndilo lililokuwa likimwamsha usiku. Juzi asubuhi nilipita uani kwao akitwanga sombe. Mlio ulikuwa umebadilika, mzito kidogo, umechelewa nusu pigo, na bintiye alikuwa akimsubiri. Mkono wa kushoto ulikuwa juu.