"Rangi ya Chini": Uhakiki wa Istilahi za Kukinga Magari na Kutu

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii yamfaa sana mfasiri wa maandishi ya ufundi, kwani mara nyingi istilahi huundwa mezani ilhali kitu chenyewe kimo mvunguni mwa gari. Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache zinazotumika kuelezea kazi ya kuukinga upande wa chini wa gari na kutu. Huenda jambo hili likaonekana dogo. Lakini mtumishi anayeandika masharti ya zabuni, na mwalimu anayefundisha vijana wa ufundi, hawana budi kufahamu kwamba hapa neno likikosewa, chuma huoza.

Tuanze na "rangi ya chini". Istilahi hii hubeba maana mbili. Ya kwanza ni tabaka linalotangulia kupakwa ili rangi ya juu ishike. Ya pili ni kipako kizito kinachopakwa mvunguni, juu ya rangi zote, ili kuzuia maji, chumvi na kokoto. Katika maana ya kwanza, "chini" ni mpangilio wa matabaka. Katika maana ya pili ni mahali. Hati ikisema tu kwamba "gari lipakwe rangi ya chini", mkandarasi aweza kupaka tabaka la kwanza peke yake, na kwa mujibu wa maneno atakuwa ametimiza mkataba. Tabaka hilo halikukusudiwa kuachwa wazi: aghalabu hupitisha unyevu, na kokoto hulibandua upesi.

La pili ni "kupaka bati", likiwa na maana ya kukipaka chuma zinki. Mazoea yametudanganya, kwa kuwa mabati ya kuezekea nyumba, licha ya jina lake, aghalabu hupakwa zinki, ama zinki pamoja na aluminiamu. Bati ni madini mengine, na tofauti yake si ya jina tu. Chuma hutumbukizwa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi za Sentigredi. Kipako hicho kikikwaruzwa, zinki huliwa kwanza, na chuma husalimika. Kipako cha bati kikikwaruzwa mambo huwa kinyume: chuma ndicho huliwa, tena upesi kuliko kama kingeachwa bila kupakwa bati. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba yote mawili ni "bati" amefundishwa uongo.

La tatu ni "dawa ya kutu". Neno "dawa" limekuwa kapu la kila kitu, na ndani yake zimefichwa kazi tatu: kuondoa kutu, kugeuza kutu, na kukinga chuma kisipate kutu. Kigeuza kutu chenye asidi fosforiki hukibadili kilichokwisha kutu kuwa tabaka jeusi. Hata hivyo huhitaji kufunikwa. Anayedhani kwamba dawa zote ni moja atapaka lami juu ya kutu. Lami ikikauka hupasuka, maji ya chumvi huingia nyuma yake yasipate njia ya kutoka, na chuma huendelea kuliwa pasipo mtu kuona. Katika miji ya pwani, ambako upepo wenyewe huleta chumvi, madhara hayo huja mapema.

Tunapendekeza nini, basi? Tabaka la kwanza liitwe "rangi ya msingi", na kinachopakwa chini ya gari kiitwe "kipako cha mvungu". Neno "zinki" litumike pale ambapo zinki ndiyo inayokusudiwa. Kwa vipako laini vya nta au mafuta, visivyokauka vikapasuka, twaona lugha yetu ina neno tayari, nalo ni "deheni". Mabaharia wa mwambao walichanganya shahamu na chokaa wakapaka sehemu ya chombo inayozama majini.

Itapingwa kwamba deheni ilikuwa ya mbao, si ya chuma, na kwamba msomaji wa bara halijui neno hilo. Pingamizi hili lina uzito, na yafaa neno lifafanuliwe kila linapotumika mara ya kwanza. Lakini gari halitakuwa linakopa chomboni kwa mara ya kwanza. Dereva anayeshika usukani hutumia neno la baharini, na hakuna anayeuliza maji yako wapi.

Tunayatoa mapendekezo haya ili yajadiliwe na mafundi kabla hayajajadiliwa na wanaisimu. Wao ndio walalao chini ya gari, na istilahi wanayoikataa haitaponywa na kamusi yoyote.