Mnyororo wa Udongo, Kutoka Mgongoni Hadi Mbugani

Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa kemia ya udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kwenye milima ya Usambara ya Mashariki, alipokuwa akitayarisha pamoja na wenzake wa nchi jirani ramani ya udongo wa Afrika Mashariki, iliyotoka mwaka 1936, alikabiliwa na tatizo ambalo mkulima wa Handeni hulijua bila ya kulisoma chuoni: ya kuwa udongo haugawanyiki kwa wilaya, bali hugeuka kwa hatua. Juu ya mgongo wa kilima ni mwekundu. Kwenye mteremko hupauka, ukaingia mchanga. Na chini mbugani ni mweusi, hunata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Karatasi moja yenye kubeba nchi kadhaa haina nafasi ya kuonyesha vipande hivi vyote.

Njia aliyoishika, na kuitangaza mwaka 1935, ilikuwa ni kuacha kuhesabu vipande na kuhesabu mfuatano wao. Mfuatano huo wa kutoka mgongoni hadi bondeni, unaojirudia kilima baada ya kilima, aliuita katena, yaani mnyororo kwa Kilatini, akauonyesha kuwa kitu kimoja katika ramani. Kwa rai yangu hii ndiyo hila bora katika kazi yake yote, kwa sababu haikuyaona mageuzi ya udongo kuwa kero ya mchoraji, bali iliyafanya kuwa ndiyo kanuni yenyewe.

Sababu ya mageuzi hayo ni maji. Vilima vya Handeni vimesimama juu ya miamba ya kale ya jamii ya naisi, iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mvua, ikiwa imechukua asidi hafifu kutoka hewani na katika majani yaozayo, huingia katika mwamba huo na kuuyeyusha kidogo kidogo: chokaa, magnesiamu na sehemu ya silika huteremka pamoja na maji, ilhali chuma, kisichoyeyuka kwa wepesi penye hewa, hubaki nyuma na kushika kutu, nayo kutu hiyo ndiyo wekundu tuuonao. Vilivyoteremka hufika bondeni, ambako maji hutuama, na huko huungana upya kuwa mfinyanzi wenye kuvimba na kunywea. Basi udongo mweusi wa mbuga umejengwa kwa hasara ya udongo mwekundu wa juu yake. Na weusi wake, unaowadanganya wengi, si dalili ya mboji nyingi.

Milne alitambua pia kwamba mteremko huweza kukata miamba ya namna mbalimbali, na hapo mnyororo hufungamana kwa taratibu nyingine. Korogwe ina shida zaidi ya hiyo, maana bonde lake limepokea matope ya mto Pangani, ambao wenyeji wengi huuita Ruvu, yatokayo Kilimanjaro, Upare na Usambara. Udongo wa namna hiyo hausimulii habari za mwamba ulio chini yake. Nako Amani, penye mvua nyingi zaidi, udongo umesafishwa mno hata msitu huishi kwa kuyala tena majani yake yenyewe. Walowezi wa Kijerumani waliofyeka msitu huo katika miaka ya 1890 ili wapande kahawa walihukumu rutuba kwa ukubwa wa miti, na kahawa ikawashinda.

Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ulistahimili zaidi, ukaenea katika udongo mwekundu wa Korogwe na jirani zake. Lakini mkonge ni mlaji mkubwa wa chokaa, na chokaa ndiyo iliyokwisha kupunguzwa na mvua za zama nyingi katika udongo huo. Katika jani, nyuzi ni kiasi cha sehemu 4 tu kwa 100 ya uzito. Zilizobaki, pamoja na chokaa iliyofyonzwa shambani, zilitoka kuwa taka katika mashine za korona, zinazotenganisha nyuzi na jani, na aghalabu zikamwagwa mitoni, zikaenda na maji.