Chumvi na Mpaka: Tahakiki ya Filamu «Himalaya, l'enfance d'un chef»

Filamu hii ya Mfaransa Éric Valli, iliyotolewa mwaka 1999, imesifiwa sana kwa picha zake. Mwaka 2000 ilipata nchini Ufaransa tuzo mbili za César, ya upigaji picha na ya muziki, na ikateuliwa kugombea Oscar kwa jina la Nepali. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, uhakiki unaoishia kwenye uzuri wa theluji huacha kando swali lililo zito zaidi: je, watu wa Dolpo wamepewa historia yao?

Dolpo iko kaskazini-magharibi mwa Nepali, mpakani na Tibeti. Vijiji vyake vingi viko kwenye mita 4,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake, wafuasi wa dini ya Buddha na ya Bon, husema lahaja ya Kitibeti. Shayiri yao haiwatoshi mwaka mzima. Kwa hiyo, tangu vizazi vingi, walipeleka nafaka Tibeti, wakarudi na chumvi migongoni mwa yaki, kisha wakaishusha mabonde ya kusini kuibadilisha kwa nafaka nyingine.

Kisa ni chepesi. Mzee Tinle amefiwa na mwanawe safarini, naye anamtuhumu kijana Karma. Karma anaondoka na msafara kabla ya siku iliyoaguliwa na walama. Mzee anaingoja siku hiyo, halafu anamfuata.

Kwa upande wa fani, ushindi mkubwa ni lugha. Wachezaji wengi ni wenyeji, nao wanasema kwa lugha yao wenyewe, si kwa Kifaransa. Ndiyo sababu amri na dua zina uzito wa kweli. Tinle anapotupa chumvi motoni ili atambue kama theluji yaja, mtazamaji anaelewa kwamba mapokeo si ushirikina mtupu, bali ni elimu iliyolipiwa kwa maisha ya watu.

Kasoro imo katika maudhui. Mgogoro wote umewekwa kati ya mzee na kijana, kana kwamba hatima ya msafara ilitegemea nani atauongoza. Historia yasema vingine. Baada ya uasi wa Lhasa wa mwaka 1959, China iliubana mpaka: wafugaji wa Dolpo wakapoteza malisho ya majira ya baridi upande wa Tibeti, na biashara ikawekewa masharti. Kusini nako, chumvi ya India iliyotiwa madini joto ikaishusha thamani chumvi yao. Mambo hayo hayana nafasi katika mgogoro wa filamu.

Mtetezi atajibu kwamba hadithi si kitabu cha tarikhi. Ni kweli. Lakini watu wanaoonyeshwa nje ya wakati huonekana kama mabaki ya kale, na hasara waliyoletewa na dola huonekana kama matunda ya ukaidi wao. Leo nyumba nyingi za Dolpo hupata fedha kwa kuchuma yarsagumba, kuvu ya dawa inayonunuliwa hasa China. Mpaka ule ule ungali ukiamua riziki yao.

Filamu hii yastahili kuonyeshwa wanafunzi, ila ramani itundikwe kando ya pazia.