Jina la Mazrui katika Vitabu Vyetu

Imekuwa desturi katika vitabu vya marejeo kuwakusanya watu mashuhuri chini ya jina lao la mwisho, hasa jina lenyewe likiwa la nadra. Msomaji hufunua herufi M, akatafuta Mazrui, na mara akaona mbele yake maliwali wa Mombasa wa karne ya 18, mwasi wa Gazi, kadhi mkuu wa Kenya, profesa wa Marekani na mshairi aliyewekwa kizuizini, wote wamesimama katika mstari mmoja kama wanafunzi wakati wa kuitwa majina. Orodha ya namna hii ina manufaa yake, wala sikusudii kuibeza. Lakini naona kwamba yatufundisha mambo mawili yasiyo kweli: la kwanza, kwamba jina peke yake latosha kuwaeleza watu hawa, la pili, kwamba yule aliyevuma zaidi miongoni mwao ndiye aliyeitumikia zaidi lugha yetu. Yafaa kuyachungua yote mawili, maana sisi walimu ndio tuulizwao na watoto.

Tuanze na jina lenyewe. Mazrui ni nisba, yaani jina limtajalo mtu kwa kabila la asili yake, na kabila hilo ni la Omani. Herufi zake za Kiarabu ni za mzizi uleule uliotuletea neno zaraa, kazi ya shamba. Huko Omani na katika nchi za Ghuba wenye jina hili ni wengi. Huku kwetu pwani ni ukoo mmoja wenye matawi yake. Walakini mtu wa pwani hamwiti jirani yake “Mazrui.” Humwita Sheikh fulani, au Mwalimu fulani, au fulani bin fulani. Jina la ukoo hutajwa pale nasaba inapoulizwa: katika ndoa, katika mirathi, na mbele ya kadhi. Ni daftari za shule na pasipoti zilizoliweka mwisho wa jina la kila mtu na kulifanya jina la kuitwa. Basi orodha iliyopangwa kwa Mazrui imefuata kawaida ya Ulaya, nayo haikumwambia msomaji kwamba imefanya hivyo.

Habari za watawala nitazipita upesi, kwa kuwa zimeandikwa mara nyingi. Waarabu wa Omani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698. Katika karne iliyofuata maliwali wa ukoo wa Mazrui walishika mji, na ukoo wa Busaidi ulipotwaa dola huko Omani wao walikataa kuutii. Wakatawala kama wenye nchi hata 1837, isipokuwa kwa muda mfupi, 1824 hadi 1826, walipokaa chini ya bendera ya Kiingereza kwa mapatano na Kapteni Owen. Seyyid Said alipouchukua mji, wengine wao walihamishwa ng’ambo, wengine wakakaa Takaungu na Gazi. Huyo wa Gazi, Mbaruk bin Rashid, ndiye aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha akakimbilia upande uliokuwa wa Wadachi.

Lakini ni nani aliyelifanya jina hilo livume katika Kiswahili? Hakuwa mmoja wao. Alikuwa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, aliyewatetea maliwali hao kwa mashairi yake na kuwakejeli adui zao wa Lamu na Unguja. Naye hayumo katika orodha ya Mazrui, wala hawezi kuwamo, kwa kuwa si wa damu yao. Hayumo Mwalimu Sikujua, aliyeyahifadhi mashairi hayo. Hayumo W. E. Taylor, padre wa Church Missionary Society, aliyeyaandika kwa msaada wa Sikujua, hata yakapata kupigwa chapa kwa kazi ya William Hichens mwaka 1940. Utawala wa ukoo huo juu ya Mombasa ulikwisha 1837. Tungo zilizozaliwa katika vita vyake tunazisoma hata leo. Orodha ya majina yamshika aliyesifiwa, yamwacha aliyesifu. Katika historia ya fasihi huku ni kuipindua kazi juu chini.

Sasa nije kwa waandishi. Wa kwanza ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 akafa 1947, kadhi mkuu wa Kenya tangu 1937. Huyu alianzisha magazeti mawili mjini Mombasa, kwanza Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, na makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Wasomaji wetu watakuta humo maneno makali juu ya shule za misheni, wala si ajabu; Sheikh aliwaandikia watu wake, na alikuwa na hofu juu ya watoto wao. Lakini asikiache kitabu hiki mtu kwa sababu hiyo. Anayetaka kujua jinsi Kiswahili cha nathari kinavyoweza kubishana, na akisome.

Maana kabla yake wanavyuoni wa pwani walipotaka kutoa hoja nzito walipenda kuiandika kwa Kiarabu, na walipotaka Kiswahili walitunga tenzi. Yeye alitwaa Kiswahili cha kila siku, kile cha barazani, akakipa kazi ya kuonya na kuhoji. Huwakemea watu kwa kuiga mambo ya Wazungu yasiyo na faida na kuyaacha yenye faida. Huwakemea kwa gharama zinazowatia katika madeni, na kwa kutowasomesha watoto wao, wa kike pamoja na wa kiume. Hoja zake ni fupi. Huuliza swali, hulijibu, kisha humgeukia msomaji moja kwa moja kama mtu aliyemshika mkono sokoni. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba mara nyingine huhukumu kabla ya kueleza. Mwenye shauri jingine hakupewa nafasi ya kulisema. Hata hivyo sijui kitabu cha miaka ile kinachofaa zaidi kumwonyesha mwanafunzi nini maana ya aya iliyojengwa.

Nitaje jambo dogo pembeni. Jina la kitabu ni Uwongozi, lina w. Mwalimu aliyezoea vitabu vya Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 atakuwa na hamu ya kuifuta herufi hiyo kwa wino mwekundu. Asithubutu. Hicho ni Kimvita, ndicho Kiswahili ambacho Krapf na wamisionari wa Mombasa waliofuata walijifunza kwanza, kabla Kiunguja hakijapewa kiti cha mbele. Kuifuta w ile ni kumsahihisha mwenye nyumba nyumbani kwake.

Sheikh huyu pia aliandika historia ya ukoo wake, na hapa pana jambo la kushangaza. Mtu aliyekipa Kiswahili nathari ya gazeti aliiandika historia hiyo kwa Kiarabu. Ilikuja kupigwa chapa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. McL. Ritchie. Naona sababu yake katika desturi niliyoitaja juu: nasaba ni jambo la wanavyuoni, na wanavyuoni huandikiana kwa Kiarabu, onyo ni jambo la watu wote, na watu wote husema Kiswahili. Mwandishi ni mmoja, ukoo ni mmoja, lakini lugha imefuata wasomaji.

Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuwa kadhi mkuu wa Kenya, 1963 hadi 1968. Aliandika maisha ya makhalifa kwa Kiswahili safi, na kutoka 1972 alitoa gazeti la Sauti ya Haki. Ni mwandishi mwangalifu kuliko mwalimu wake, lakini hana moto wake.

Aliyevuma kuliko wote ni Ali Al’amin Mazrui, mwana wa yule Sheikh Al-Amin, aliyezaliwa Mombasa 1933. Baba alitaka aende Al-Azhar. Akafa mtoto angali na miaka 14, na njia ikageuka. Katika mtihani wa shule alipata daraja la tatu, na Makerere haikumpokea. Baadaye alirudi hukohuko Makerere akiwa profesa, akakaa hata 1973. Walimu wanaopenda kuwahukumu watoto kwa mtihani mmoja na waliweke jambo hilo moyoni. Halafu alifundisha Michigan na Binghamton huko Marekani, na mwaka 1986 akaionyesha Afrika kwa dunia yote katika filamu za televisheni, akiieleza kuwa na urithi wa namna tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Magharibi. Alikufa 2014, akazikwa Mombasa katika makaburi ya wazee wake karibu na Ngome.

Sifa zake ni za haki, wala mimi si mtu wa kumpunguzia. Lakini tuseme kweli: kazi zake kuu ni za Kiingereza. Alikitetea Kiswahili, alikichunguza, alikisifu mbele ya watu wasiokijua. Mara nyingi alifanya hayo kwa lugha ya wengine. Hata hadithi yake ya mwaka 1971, The Trial of Christopher Okigbo, ni ya Kiingereza. Ndani yake mshairi wa Nijeria aliyekufa katika vita vya Biafra ashitakiwa huko ahera kwa kosa la kutanguliza kabila lake mbele ya ushairi wake, na wakili wa kumtetea ni Hamisi, mtu wa Kenya. Kama hadithi, ina upungufu: watu wake husema kama wahadhiri, na msomaji hungoja wapumzike. Lakini swali lake ni zito. Je, mtunzi ni wa watu wake kwanza, au ni wa sanaa yake kwanza? Mimi siwezi kusoma swali hilo, limeulizwa na mtu mwenye jina kama hili, bila kufikiri kwamba alikuwa akijihoji mwenyewe pia.

Jibu lingine kwa swali hilo limeandikwa na Alamin Mazrui, wa ukoo uleule, naye ni profesa wa lugha. Mchezo wake, Kilio cha Haki, ulitolewa 1981. Humo wafanyakazi wa shamba wanadai haki yao, na kiongozi wao ni mwanamke, Lanina. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilimweka mtunzi kizuizini pasipo kumhukumu. Matunda ya siku hizo ni diwani ya Chembe cha Moyo, iliyotoka 1988. Jina hilo latosha kwa somo moja zima. Chembe ni ncha ya mshale. Na chembe cha moyo ni pale chini ya kidari, panapogonga hofu ikimshika mtu. Mshale na jeraha vimewekwa katika neno moja, na Kiingereza hakiwezi kulichukua bila kuvunja nusu yake. Katika diwani hiyo mtunzi ameacha mara nyingi vina na mizani, na wazee wa ushairi walinung’unika juu ya tungo za namna hiyo. Manung’uniko hayo nayaelewa, maana nami nimelelewa na mizani. Lakini mahali ambapo mfungwa ahesabu pumzi zake, kimya kilicho kati ya mistari mifupi chafanya kazi ambayo kina kisingeifanya. Palipo dhaifu ni pale asemapo mambo ya siasa waziwazi. Hapo shairi huwa tangazo.

Basi tazama mambo yanavyokuwa. Watatu hawa, Al-Amin, Ali, Alamin, wote huandikwa “A. Mazrui.” Ali na Alamin walitunga pia vitabu pamoja, na katika maandishi ya wataalamu hutajwa “Mazrui na Mazrui.” Nimesoma insha za wanafunzi, tena za walimu, zilizompa profesa wa Binghamton sifa za Chembe cha Moyo, na nyingine zilizomfanya kadhi aliyekufa 1947 kuwa mtunzi wa mchezo wa 1981. Makosa haya hayatoki kwa uvivu tu. Yametoka katika fikira kwamba jina ni mtu. Anayepoteza hapo si yule aliye mashuhuri, ambaye ana cha kutosha; ni yule aliyelipa kwa uhuru wake kitabu kimoja chembamba cha Kiswahili, kisha akaona kinaandikwa mwingine.

Desturi ya pwani ina dawa yake tayari, nayo ni jina la baba. Al-Amin bin Ali, Ali bin Al-Amin: hapo nasaba yenyewe yasema nani ni nani, na hata mtoto wa darasa la tano hachanganyi. Katika rafu ya vitabu darasani kwangu Uwongozi na Chembe cha Moyo vimesimama upande wa Kiswahili, na kati yake pana Diwani ya Muyaka. Kesi ya Okigbo iko upande wa pili, pamoja na vitabu vya Kiingereza.