Kababu Isiyovunjika

Kila Ramadhani, baada ya sala ya adhuhuri, mamkubwa hukaa juu ya mbuzi jikoni, bakuli la nyama ya kusaga mbele yake, akaanza kukanda. Nimekula kababu zake tangu utotoni, lakini ni juzijuzi tu nilipokaa nikaitazama mikono yake.

Huanza na nyama na chumvi peke yake. Kotmiri, thomu na pilipili manga vingoje. Hukanda mpaka nyama inang'aa na kunata vidoleni. Hapo hubandika tonge kiganjani, akakigeuza kiganja chini. Likidondoka, anaendelea kukanda. Likishika, nyama iko tayari.

Kipimo hicho kina siri yake. Chumvi na mikono huzitoa protini za msuli, hasa mayosini, zikawa ute unaonata. Zikipata moto hushikana kama wavu, zikazuia maji na mafuta yasitoke. Ndiyo maana nyama yake huwa baridi: ikipata joto mapema, mafuta huyeyuka na wavu hushindwa kuyashika.

Kisha huja yai, moja kwa nusu kilo. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kidogo za Selsiasi, kwa hiyo kababu hushika umbo mapema karaini, kabla haijaiva ndani. Mwisho ni vijiko viwili vya unga wa dengu uliokaangwa bila mafuta. Unga huo una gramu 20 hivi za protini katika kila gramu 100, na wanga wake hunywa majimaji yanayobaki. Hata hivyo mamkubwa hauachii unga kazi yote: kitunguu chake hukikamua kwanza kwa kitambaa.

Nimekula pia kababu zilizojazwa mkate. Ni laini, lakini ni ulaini wa mkate. Nyama unaitafuta huipati. Ya mamkubwa ukiimega hukatika bila kumeguka ovyo, majimaji yakaonekana, na meno yakajua yanatafuna nyama.

Enyi mnaokaanga kababu za futari na za kuuza barazani, punguzeni mkate. Tieni yai, tieni dengu kidogo, na kandeni mpaka tonge lishike kiganjani.