Mkono Usiovuta

Nywele laini za mtoto hazimfichii msusi kosa. Za kipilipili hushikana zenyewe, na njia ikipinda kidogo hufunikwa. Nywele nyembamba, za singasinga, huteleza vidoleni, na mstari uliokwenda kombo huonekana hadi kwenye ngozi. Ukitaka kumjua msusi hodari wa Msimbati, usimngoje siku anapomsuka bibi harusi. Mtazame akiwa na mtoto wa miaka minne.

Mtoto hukaa mkekani, kati ya magoti ya msusi. Nywele huchanwa kuanzia nchani, kupanda taratibu hadi shinani. Kisha mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani: nazi imekunwa, tui limekamuliwa na kuchemshwa mpaka mafuta yakajitenga. Kwa kichwa kama hiki matone mawili kiganjani yanatosha. Yakizidi, mistari itafumuka kabla ya magharibi.

Halafu njia. Hapo ndipo ninapopenda kutazama bila kusema neno. Ncha ya kitana hupita mara moja, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, na njia imenyooka. Mstari ukiwa mwembamba mno, nywele chache zitabeba mvuto wote. Ukiwa mpana, utalegea. Kwa msuko wa twende kilioni, msusi huanza na nywele chache sana mbele, kisha huokota nyingine kidogo kidogo kila anaporudi nyuma, vidole vikiwa chini kabisa, karibu na ngozi.

“Shangazi, inauma.”

“Pole, mama. Ngoja nilegeze.”

Na hulegeza kweli. Hufumua mstari huo na kuuanza upya, hata kama ulikuwa umebaki kidogo tu kwisha. Nauheshimu mkono huo kuliko wowote. Wapo wanaosifia msuko uliokaza hadi nyusi zikapanda, nami siwaungi mkono. Msuko huo huleta vipele pembezoni mwa paji, na mvuto ukirudiwa kwa miaka, mashina hufa na nywele za mbele hazioti tena. Kwa sababu hiyo rasta nzito hazimfai mtoto, na nchani ni afadhali kufunga kwa uzi kuliko kwa mpira, ambao hukata nywele.

Ufundi wa nywele una mizizi mirefu huku. Wachongaji wa Kimakonde, ng’ambo zote mbili za mto Ruvuma, hubandika nywele halisi za binadamu kwa nta kwenye vinyago vya kuvaliwa viitwavyo mapiko, zikapangwa kama kichwa cha mtu aliye hai.

Lakini kichwa cha mtoto kina muda mfupi. Shule nyingi hutaka wanafunzi wanyoe, kwa hiyo misuko mingi ni ya kabla ya darasa la kwanza, au ya likizo na Sikukuu ya Idi. Na katika rasi kama hii ya Msimbati, chumvi na mchanga huingia kwenye mistari siku ile ile.

Basi kufumua nako ni kazi. Maji baridi kwanza, yatoe chumvi, kisha mafuta, kisha uzi hufunguliwa polepole. Mwenye haraka huukata pamoja na nywele. Msusi ninayemsifu hufumua mwenyewe kichwa alichokisuka. Hukagua mashina ya mbele, hukipumzisha kichwa siku kadhaa, na akirudi kusuka, njia mpya hazipiti pale zilipopita za kwanza.