Uhakiki wa Dhana ya Uwazi wa Bei katika Mnada wa Korosho wa Kielektroniki Mkoani Mtwara

Hoja ya Robert Jensen (2007) ina nafasi kubwa katika tafiti za simu na masoko ya wazalishaji wadogo. Akichunguza wavuvi wa Kerala nchini India, Jensen alionesha kuwa simu za mkononi zilipoenea kati ya 1997 na 2001, tofauti za bei ya samaki baina ya masoko zilipungua. Mvuvi aliulizia bei akiwa baharini, kisha akachagua soko la kuteremshia samaki wake. Hoja hiyo ina uzito, lakini imebeba sharti lisilotajwa mara nyingi: mwenye taarifa awe na uhuru wa kuchagua soko.

Kwa mkulima wa korosho wa Mtwara, tangu Tandahimba hadi vijiji vya mlango wa Mto Ruvuma, uhuru huo ni finyu. Tangu msimu wa 2007/2008, korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hukabidhi mzigo kwa chama cha msingi, nao husubiri mnada ghalani. Katika msimu wa 2024/2025, sanduku la zabuni liliachia nafasi mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Bei huonekana papo hapo, na hayo ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo, kuiona bei si kuwa na kauli juu yake.

Mwezi Oktoba 2018, zabuni za karatasi zilipofunguliwa Tandahimba na Newala, wakulima walizikataa kwa pamoja. Mwezi uliofuata Serikali iliamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kauli ya wakulima ilitoka katika mkutano wao, miaka sita kabla ya mnada wa kielektroniki.

Kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, huthibitisha hoja hiyo kwa upande wa pili. Mkulima mwenye mgonjwa au ada ya shule huuza kwa fedha taslimu na kwa bei ya chini, hali akiijua bei ya mnadani. Simu humpa taarifa; haimpi muda wa kusubiri malipo.

Kwa hiyo, tathmini ya mnada huu inayoishia kwenye bei za skrini haitoshi. Inapasa pia kupima siku zinazopita kati ya mzigo kupokelewa na mkulima kulipwa, kiasi cha korosho kinachopitia kangomba, na nani husikika mkutanoni bei inapokubaliwa au kukataliwa.